Fomu ya Lawama ya Mchezo wa Tatu

Msomaji asihangaike na ramani. Nchi hii ipo, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri sitini na wawili na uwanja mmoja wa mpira wa magongo, na hayo yanatosha nchi kuitwa nchi. Watu wake ni watulivu. Mgeni akishuka hapo husema, jamani, watu gani wastaarabu namna hii, hawagombani, hawapazi sauti, hata wakikanyagwa husogeza mguu ili anayekanyaga apate nafasi ya kutosha. Ustaarabu huo haukuota wenyewe kama uyoga. Umefanyiwa kazi miaka mingi, na waliofanya kazi hiyo wanajulikana kwa majina.

Katika nchi hiyo, timu ya taifa ikifungwa ni lazima apatikane aliyesababisha. Ndiyo Sheria ya Lawama, na ni sheria nzuri, maana kabla yake timu ilikuwa inafungwa hivi hivi tu, watu wanarudi nyumbani, wanakula, wanalala, kana kwamba hakuna lililotokea. Sheria inataka sababu ya kufungwa iwe mtu, na mtu huyo awe shabiki. Wachezaji wana kazi ya kucheza, kocha ana kazi ya kufundisha, waziri ana kazi ya kukata utepe. Shabiki ndiye aliyekuwa amekaa bure, basi akapewa lawama ili naye awe na shughuli.

Kwa hiyo kila baada ya kipigo, matawi yote ya mashabiki hukutana, hujadili kwa uhuru kamili, na kabla ya saa kumi alasiri kila tawi huwa limejaza Fomu ya Lawama yenye jina moja. Mwenye jina hupelekwa Chuo cha Ushangiliaji kwa miezi sita, akajifunze kupiga makofi mkono ukiwa umenyooka. Waliokwenda wakarudi ni wachache. Waliobaki, kwa mujibu wa barua za Wizara, wanaendelea na masomo.

Chini kabisa ya fomu, kwa herufi ambazo mwenye macho mazuri huziona na mwenye macho mabaya huambiwa, kuna mstari huu: *Jina lisipopatikana kwa wakati, katibu wa tawi atahesabiwa kuwa amejiandika.*

Katibu wa Tawi Namba Kumi na Tisa alikuwa Bi Siwatu.

*

Tawi lilikutana Alhamisi, saa nane na nusu mchana, nyuma ya karakana ya Magoma fundi pancha. Wajumbe walikalia matairi mabovu. Siwatu alikalia kigoda, fomu magotini, kalamu mkononi, kimya kama kitu kilichosahauliwa hapo na wapangaji waliohama.

Hali ya mchezo ilikuwa hivi. Mtoano wa mwaka ule, timu yetu ilipangwa na ya nchi jirani, zikutane mara saba, na wa kwanza kushinda mara nne asonge mbele. Jirani alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo. Magoli ya jirani, kumi na moja. Magoli yetu, moja, na hilo alilifunga beki wao kwa bahati mbaya, akaomba radhi.

Na Ngurumo? Ngurumo ya Taifa, mshambuliaji ambaye sura yake iko kwenye sabuni, kwenye mifuko ya unga, kwenye madaftari na kwenye mlango wa wodi ya wazazi? Kabla ya mtoano redio ilitangaza kwamba atafunga magoli ishirini. Vitabu vya historia vya darasa la tano vilikwisha chapwa, magoli ishirini yamo, pamoja na maswali ya zoezi. Katika michezo mitatu Ngurumo alikuwa amefunga sifuri. Shuti lake moja tu ndilo lililofika mahali, nalo lilimfika mpiga picha.

Mchezo wa kwanza tawi lilimwandika mpiga zumari aliyevuta pumzi vibaya. Mchezo wa pili likamwandika mama muuza vitumbua, maana alipiga chafya wakati wa kona fupi. Wote wawili walikubali makosa na kuondoka na mabegi yao. Sasa ulikuwa mchezo wa tatu, na tawi lilikuwa limeishiwa na watu wa kuwaandika bila kuwatazama usoni.

"Tuanze," alisema Mwenyekiti Kapungu, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Mjadala ni huru. Ngurumo anaweza kusifiwa, anaweza kusifiwa sana, na anaweza kuonewa huruma kwa kuzungukwa na wenzake wasiomfikia. Zaidi ya hapo tuheshimiane."

Magoma alisimama akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nasema wazi, anayetaka kununa anune. Jana Ngurumo alikuwa hatari! Alipopita kule kushoto nilisimama hivi, nikasema leo wamekwisha."

"Akafanya nini?" aliuliza Bi Mosi, mshona sare, bila kuinua uso kutoka kwenye sindano yake.

"Akapita."

"Na mpira?"

"Mpira ulibaki nyuma. Mpira wenyewe ulikuwa mzito ule."

"Mzito kwa wote, au kwake?"

"Bi Mosi, unanitafuta."

"Nakuuliza tu, kaka'angu. Mie mshona sare, mpira nitaujulia wapi? Na ile ya mchezo wa pili je? Kipa wao kaanguka, kakaa chini na magodoro yake ya miguuni kama mtu anayengoja chai. Goli tupu. Hata bibi yangu angesukuma ule mpira, na bibi yangu amekufa."

"Chunga mdomo!"

"Nimemtaja bibi yangu. Sijataja mtu mwingine."

"Goli lilisogea," alisema Magoma. "Watu waliliona. Ngurumo alipolenga, lilisogea."

Mwenyekiti alitafakari. "Katibu, andika. Goli lilisogea."

Siwatu akaandika: goli lilisogea. Alikuwa na mwandiko mzuri, uliolala upande mmoja kama majani baada ya mvua.

"Sasa jina," alisema Mwenyekiti. "Goli haliandikwi kwenye fomu, wananchi. Tunataka mtu."

Hapo kila mjumbe alikuta kwenye tairi lake jambo la kuchunguza. Magoma alipendekeza kura. Bi Mosi akamwambia kura nzuri, aanze yeye kusimama tumtazame vizuri. Magoma akaketi. Ikapita saa nane, ikaingia saa tisa, na kelele zote za kutetea na kubeza zikakauka, maana watu walikuwa wamefika pale pa kutajana.

Mwenyekiti akamgeukia katibu wake kwa huruma nyingi. "Bi Siwatu, na wewe huna mtu? Mwenzetu una uzoefu wa kifamilia."

*

Uzoefu wenyewe ni kwamba mumewe, Sudi, aliandikwa mwaka juzi kwa kosa la kukaa akiwa amekunja nne wakati timu inashambulia. Wizara ikampa Siwatu ukatibu kuwa ndiyo pole yake. Mwezi wa sita ikaja barua: mumeo amefaulu vizuri, amechaguliwa kuendelea. Mwezi wa kumi na mbili ikaja nyingine: amefaulu vizuri sana. Siwatu alilia kila siku, kisha akawa analia Ijumaa tu, kisha ikapita Ijumaa moja akaja kukumbuka Jumatatu kwamba hakulia. Tangu siku hiyo mambo yalimfikia kama sauti za jirani wa nyumba ya tatu: unajua kuna kitu kinasemwa, lakini hainuki mtu kwenda kusikiliza.

Alikuwa na binti, Zuhra, darasa la nne, anayemchora baba yake akiwa amevaa joho la mahafali. Siwatu akiondoka, Zuhra angebaki na nani? Hilo tu ndilo lililokuwa bado linamgusa, na lilimgusa kama ncha ya kalamu juu ya ganzi. Saa kumi alasiri, kama hakuna jina, jina ni lake. Alijua hivyo tangu asubuhi. Alipika, akafagia, akamwachia Zuhra ufunguo chini ya ndoo, akaja kikaoni.

"Sina mtu," alimjibu Mwenyekiti.

"Basi tuendelee kujadili," alisema Kapungu, akitazama saa yake, na ilionekana kwamba mzigo fulani umemshuka. Watu wengine nao waliegemea nyuma kidogo. Jina lilikuwa limekwisha kupatikana, na hakuna aliyelazimika kulitaja. Kumbe hata ukimya una adabu zake.

*

Saa tisa na robo akaja mtu anayekokota baiskeli yenye pancha. Mtu mzima, mwembamba, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anachechemea goti la kulia. Akasalimu, akaitikiwa. Magoma akamwambia angoje, kuna kikao cha taifa.

"Mnajadili nini?"

"Ngurumo," alisema Magoma, "na jinsi goli linavyomkwepa."

Mgeni aliegemeza baiskeli ukutani. "Hamna goli linalomkwepa. Yule hawezi."

Nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya tairi la Mwenyekiti. Wote wakamtazama yule nzi.

"Umesema?" aliuliza Magoma.

"Hawezi kushambulia. Hakuwahi kuweza. Akipata mpira akiwa peke yake na kipa, anageuka nyuma kutazama nani amebaki kulinda goli lake. Mmeona jana? Mara nne aligeuka. Mshambuliaji gani anageuka? Na goti lile haliendi. Ningekuwa kocha ningempa benchi, na benchi lenyewe alikalie upande."

"Wewe!" Magoma aliruka. "Unamtukana Ngurumo mbele yangu? Mimi nimembandika ukutani kwangu juu ya picha ya mama!"

"Mrudishe mama."

Bi Mosi alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alianza kutabasamu polepole kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mwenzake, maana alikuwa ameshaona kwamba hapa sasa kuna mtu, kuna kosa na kuna mashahidi.

Siwatu alikuwa akitazama kitu kingine. Mgeni, huku akisema, alikuwa ameokota pampu ya baiskeli ya Magoma, ameishika kwa mikono miwili, ncha yake chini kabisa ardhini, magoti yamekunjwa, kifua mbele. Huo haukuwa ushikaji wa pampu. Hivyo ndivyo beki anavyolaza gongo kuzuia mpira unaokuja kwa hasira.

Naye alikuwa amemwona mtu akisimama hivyo.

*

Ni siku uwanja ulipofunguliwa, miaka kumi na mbili nyuma. Siwatu alikuwa ameketi jukwaa la matofali na Sudi, bado wachumba. Kulikuwa na beki kijana, jina lake Pazi bin Mkwiche, aliyezuia kila kitu. Mpira ukija, yeye yupo. Ukija tena, yupo. Sudi alisema, huyu ni ukuta una miguu.

Dakika ya mwisho, bila bila, mpira ukampiga Pazi kwenye ugoko ukaingia golini kwake mwenyewe. Uwanja ukasema "ah". Lakini Mheshimiwa Kiongozi, aliyekuwa amefika dakika hiyo hiyo kwa ajili ya hotuba na hakuwa ameambiwa goli la nani liko upande gani, akasimama akapiga makofi. Akasema, kijana huyu ni ngurumo.

Nani angemwambia? Mawaziri wakasimama, wakapiga makofi. Mwamuzi alitafakari watoto wake, akapuliza filimbi, matokeo yakaandikwa moja bila, tumeshinda. Wageni wakakata rufaa, na rufaa yao mpaka leo inafanyiwa kazi. Jioni ile Pazi akatangazwa mshambuliaji, akabadilishwa jina, akapigwa picha. Waliokuwa uwanjani, watu elfu tisa, wakaenda nyumbani wakiwa wameona goli zuri. Mwaka wa kwanza walijua waliona nini. Mwaka wa tatu walikuwa wanabishana ni mguu upi aliofungia. Mtu husahau kwa kufundishwa, na darasa hilo halina likizo.

Siwatu hakusahau. Hakuwa amefanya juhudi; ni vile tu hakuna aliyemwuliza.

*

Akasimama na fomu yake. "Kaka, njoo huku nichukue maelezo."

Wakasogea kwenye pipa la maji ambalo Magoma huzamishia mipira ya tairi kutafuta tundu. Juu ya vichwa vyao, ukuta wa ng'ambo, lilikuwepo bango la Ngurumo, ghorofa mbili kwenda juu, mabega kama milango ya ghala.

"Jina?"

"Pazi bin Mkwiche."

"Nakujua," alisema Siwatu kwa sauti ya chini. "Ulikuwa beki mzuri."

Mtu yule akavua kofia, akaishika kifuani. "Dada, ni miaka kumi na mbili hajanitamkia mtu neno hilo."

"Umekuja kutafuta nini hapa?"

"Hili ni tawi la sita leo. Kote nasema hivi hivi, kote wanaziba masikio wanakimbia. Niandike." Alionyesha fomu kwa kidevu. "Nimeandika barua nne kuomba kupumzika. Ya mwisho wamejibu kwamba maombi yamepokelewa, na kwamba kuanzia mwezi ujao nitakuwa pia kwenye dawa ya mbu. Usiponiandika, kesho nitaingizwa tena na goti hili. Nitageuka tena nyuma, siwezi kujizuia. Na ninyi mtakaa tena kwenye matairi kutafuta mtu. Yule mama wa vitumbua alikosea nini?"

"Alipiga chafya."

"Nilimsikia. Chafya ya kawaida."

Siwatu alitazama kivuli cha bango, kilikuwa kimefika kwenye mlango wa karakana. Saa tisa na nusu na zaidi. "Waliokwenda kule hawarudi, kaka. Wangu ana mwaka wa pili. Sijui wanafanywa nini. Barua zinasema wanafaulu."

"Kuna bango huko?"

"Sijui."

"Basi nitakwenda kutazama." Kisha, taratibu kama mtu anayeogopa kuomba kingi: "Nikimkuta mumeo nimwambie nini?"

Hapo ndipo Siwatu alipopaswa kusema kitu. Alitafuta. Aliingia ndani ya nafsi yake kama mtu anayeingia chumba cha stoo, akapapasa rafu moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimefagiliwa.

"Mwambie Zuhra yuko darasa la nne," alisema, akaandika jina.

Mwandiko ulilala vizuri upande mmoja.

*

Saa kumi kasoro dakika tano gari la Wizara likafika. Akashuka Bwana Lutengano, Afisa Ushangiliaji wa Kata, suti ya kijivu, muhuri kwenye kamba shingoni. Wajumbe wakasimama wakapiga makofi matatu, mkono ukiwa umenyooka.

"Kwa niaba ya Waziri," alisema Afisa, "na kwa niaba ya Naibu Waziri, na kwa niaba ya wale ambao uteuzi wao unasubiriwa, nalisalimu tawi hili linalojilaumu kwa moyo. Yuko wapi mhusika?"

Pazi akasogea mbele, kofia mkononi, uso wazi, jua la alasiri likimpiga sawasawa. Nyuma yake bango, mbele yake watu. Pua ile ile. Kovu lile lile kwenye nyusi, ambalo kila mtoto wa nchi ile hulichora bila kutazama.

Magoma alikuwa wa kwanza kuona. Akashika ukuta. Bi Mosi akajichoma sindano. Mwenyekiti Kapungu akafungua mdomo.

"Bwana Afisa, huyu mbona…"

"Mbona nini?"

Kapungu alitazama bango. Alitazama mtu. Kumtambua mtu huyu maana yake ni kwamba Ngurumo amesema mwenyewe Ngurumo hawezi. Na nani amesikia? Tawi zima. Na nani mwenyekiti?

"Mbona baiskeli yake haijajazwa upepo," alisema Kapungu.

"Itajazwa na taifa," alisema Afisa, akamgeukia mhusika. "Ulisema nini juu ya Ngurumo?"

"Kwamba hajui kushambulia."

"Wewe unamjua Ngurumo?"

"Nasikia yupo," alisema Pazi. "Mimi bado sijakutana naye."

Afisa alimpima kwa macho, kisha akapima bango, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mtu mwenye mabega kama hayo yako, unathubutu kumsema mtu mwenye mabega kama yale." Akagonga muhuri juu ya fomu, hapo hapo kwenye mgongo wa Mwenyekiti, maana hapakuwa na meza.

Pazi akapanda garini. Hakushikwa na mtu. Alikaa dirishani, akanyoosha lile goti polepole mpaka likalala kwenye kiti cha mbele, na akafumba macho kama abiria yeyote mwenye safari ndefu.

Siwatu alingoja. Alijua kuna kitu kinapaswa kuja sasa, furaha ya kuokoka, au aibu, au hata hofu iliyochelewa. Alikipa muda. Magoma alikuwa analia bila sauti akitazama pampu yake. Bi Mosi alikuwa ananyonya kidole. Kwake hakikuja kitu.

"Kesho," alijisikia akiuliza, "nani atacheza?"

"Ngurumo, nani mwingine?" Afisa alishangaa. "Jezi imekwisha pigwa pasi." Akafungua mkoba wake. "Katibu, nakupongeza. Katika kata nzima, tawi lako pekee leo limeleta jina kabla ya muda, tena jina lenye kosa halisi. Wizara imetambua kwamba hapa mna uwezo mkubwa kuliko mnaoutumia. Mchezo wa nne ni kesho saa sita. Mkifungwa, ninyi mtaleta majina mawili."

Kapungu alikuwa bado ameinama, mgongo umebaki kama meza.

"Kwenye fomu moja," aliuliza Siwatu, "au mbili?"

"Mbili, dada. Kila mtu na fomu yake. Sisi si nchi ya kurundika watu."

Akampa fomu mbili. Siwatu akazipokea kwa mikono yote miwili, akaketi kwenye kigoda chake, akazipanga magotini, akaandika namba ya tawi juu ya kila moja. Kisha akainua uso akawatazama wajumbe waliosimama kwenye mstari mbele yake, akianzia kushoto.